Zimwi la Mwanzi na Karatasi: Namna ya Kulitengeneza Likauke, Lidumu na Liuzike

Adui wa kwanza wa kazi ya karatasi ni maji yaliyobaki ndani. Mkono usio na uzoefu hurekebishika kwa msasa na rangi, ila kichwa cha zimwi kilichopakwa vanishi kikiwa bado na unyevu kitaota ukungu kwa ndani, kitanuka kama gunia lililonyeshewa, na pembe zitaanza kuinama kabla mnunuzi hajakizoea ukutani. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kukausha ndiyo nusu ya kazi.

Tutatengeneza kitu kimoja tu hapa: kichwa cha zimwi cha kutundika ukutani, kimo cha sentimita 45, uzito usiozidi kilo moja na nusu. Ukikimudu hicho, joka la mita mbili au ndege mwenye meno ni suala la kuongeza fito na siku.

Pangilia mwaka kabla ya kupanga kazi

Kazi zote za maji (kubandika karatasi, kufinyanga ujiuji wa karatasi iliyolowekwa na kutwangwa) zifanye kati ya Juni na Oktoba. Iringa mjini kipindi hicho ni kikavu na tabaka moja hukauka kwa siku moja. Tukuyu si Iringa: mvua ya Rungwe ni nyingi, na ukungu wa asubuhi unaweza kukunyima jua mpaka saa tano. Kwa mtu wa Tukuyu, hesabu siku mbili kwa tabaka hata msimu ukiwa mzuri.

Kiangazi cha huku nacho kina hila yake. Juni na Julai jua ni kali, lakini usiku Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 na umande huanguka mapema. Kazi iliyokauka mchana kutwa, ukiisahau nje hadi magharibi, inakunywa maji upya. Iingize ndani saa kumi jioni. Masika yaachie rangi, picha, kuchambua magamba yaliyokwisha kukauka na kusuka mifupa ya mwanzi.

Zimwi lenyewe linatoka wapi

Kiumbe cha kubuni kinaaminika pale viungo vyake vinapokuwa vya kweli. Chagua wanyama au mimea mitatu unayoweza kuitazama kwa macho yako, chukua kiungo kimoja kwa kila kimoja, kisha uviunganishe. Ukichukua vitano au sita, mtazamaji anaona fujo tu.

Bahati nzuri eneo hili halina uhaba. Kinyonga dume wa milima ya Poroto ana pembe tatu, moja puani na mbili mbele ya macho. Mpangilio huo peke yake unatosha kumfanya mtu asimame. Kipunji, nyani wa Rungwe na Kitulo ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ana shungi la nywele wima utosini na ndevu ndefu za mashavuni. Tunda la paini linakupa magamba. Kwa hiyo: pembe za kinyonga, shungi la kipunji, ngozi ya paini. Mfano wetu ni huo.

Chora kwa ukubwa halisi, mara mbili, mbele na ubavuni, juu ya boksi lililokunjuliwa. Mchoro wa ubavuni ndio utakaokuokoa, kwa sababu wengi huchora uso wa mbele tu na kuishia na zimwi bapa kama sahani.

Mwanzi

Mwanzi wa ulanzi (ule unaogemwa pombe) unaolimwa Iringa na Njombe unafaa sana, lakini usikate mche wowote ulio mbele yako. Mwanzi mchanga, wa mwaka mmoja, umejaa maji na wanga. Ukikauka unasinyaa, na wanga huo ndio bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaoufuata. Dalili ya bungua ni unga laini mweupe au wa manjano unaodondoka chini ya kazi, na matundu madogo kama ya pini. Ukiuona kwenye kazi iliyokwisha pakwa rangi, umechelewa.

Kata mwanzi wa miaka mitatu au zaidi (ngozi imepoteza mng'ao, ina mabaka, na ukiugonga unalia kavu), na ukate kiangazi. Ukisha uchana, loweka fito kwenye pipa la maji wiki mbili hadi tatu ukibadilisha maji yakianza kunuka, kisha zikaushe kivulini. Anayepika kwa kuni anaweza kuziweka juu ya uchaga wa jikoni mwezi mzima. Moshi unafanya kazi hiyohiyo.

Kwa kichwa kimoja andaa fito nane za sentimita 60, upana sentimita 1, unene milimita 2 hadi 3, na fito nne fupi za sentimita 30 kwa ajili ya pembe na taya. Kukunja: pitisha ufito juu ya mshumaa au jiko la mkaa, upande wa ngozi ukiangalia nje ya mkunjo, ukiuzungusha usiungue. Ukiona jasho la mafuta linatokeza juu ya ngozi, kunja polepole, ushikilie mpaka upoe. Kunja katikati ya pingili. Ukikunja kwenye kifundo utasikia "ta!" na ufito umekwisha.

Fuvu kwenye chungu

Badala ya kuhangaika kufinyanga mviringo, tumia chungu. Vyungu vya Wakisi, vile vinavyotengenezwa pwani ya Ziwa Nyasa na kuuzwa soko la Matema, vina mviringo ulionyooka, na chenye kipenyo cha sentimita 25 hivi ni fuvu tayari. Kilaze ubavu ndani ya kata ya nguo kisibingirike, kivishe mfuko wa nailoni, kisha bandika karatasi nusu ya juu tu. Usishuke chini ya sehemu pana kuliko zote, maana ukishuka fuvu halitavuka na itakubidi ulichane kwa wembe. Matabaka matatu yanatosha kulifanya lisimame. Mengine utaongeza baada ya kulitoa.

Mgongoni weka duara la mwanzi lenye kipenyo kilekile, na fito mbili zinazokatizana ndani yake kama msalaba. Funga kila makutano kwa waya laini wa kufungia nondo, mizunguko minne, kaza kwa plaizi, ukunje ncha ndani. Waya upakwe gundi ya mbao kabla ya kugusana na karatasi mbichi. Usipofanya hivyo kutu itapenya na kutokeza juu ya rangi kama doa la chai. Pua na taya zisuke kwa fito zilizokunjwa herufi U na kuzifunga kwenye duara hilohilo. Hapo hapo funga kitanzi cha kutundikia, kwenye msalaba wa mwanzi. Kitanzi kilichogandishwa kwenye karatasi kitachomoka siku moja saa nane za usiku.

Uji

Kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 5 vya maji. Koroga unga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe. Chemsha vikombe vinne vilivyobaki pamoja na punje sita za karafuu, toa karafuu, mimina mchanganyiko taratibu huku ukikoroga, acha moto mdogo dakika 3 hadi 5. Umeiva ukibadilika kutoka weupe wa maziwa na kuwa na rangi ya kupauka inayopitisha mwanga, na ukiuinua kwa mwiko unateremka kama uji wa mtoto. Ukipoa ongeza robo kikombe cha gundi ya mbao.

Unga usiopikwa hushika pia, lakini hukauka ukiwa dhaifu na huvuta wadudu. Wengine hutia chumvi ili kuzuia ukungu. Chumvi inazuia kweli, ila inavuta maji kutoka hewani, na masika yakifika kazi inakuwa nyevunyevu kila asubuhi. Huku kwetu iache. Karafuu zinachelewesha ukungu. Jua ndilo linalouzuia. Uji haukai zaidi ya siku mbili, hata kama kuna baridi. Ukianza kunuka uchachu, mwaga.

Ngozi

Chana magazeti kwa mkono, usikate kwa mkasi: kingo zilizochanika ni nyembamba na hulala vizuri, za mkasi huacha mstari unaoonekana hata chini ya rangi. Gazeti lina upande mmoja unaochanika kwa mstari ulionyooka na upande mwingine unaochanika hovyo. Fuata ule unaonyooka. Vipande viwe na upana wa sentimita 3 na urefu wa 10 hadi 15. Kwenye pua na kope punguza nusu.

Chovya, kamua kati ya vidole viwili, bandika. Kukamua ndiko wanaoanza wanakokuruka. Kipande kinachodondosha uji kinabeba maji mara mbili bila kuongeza nguvu yoyote.

Jumla ni matabaka sita. Badilisha: tabaka la gazeti, tabaka la karatasi ya kaki, ili uone ulipopita na usipopita. Kaki bora kuliko zote ni tabaka la ndani la mfuko wa saruji wa karatasi (ule wa plastiki haufai). Ukung'utie nje, ziba pua, na uvae glavu wakati wa kubandika, kwani vumbi la saruji likikutana na maji linachubua ngozi. Usibandike zaidi ya matabaka mawili kwa mara moja. Ukibandika manne kwa pamoja, la juu linakauka na kufunga maji ya chini, kisha kazi inavimba malengelenge. Lengelenge likitokea lichane kwa wembe, tia gundi, bana.

Pembe usizigandishe juu ya fuvu. Toboa fuvu, pitisha ufito wa sentimita 30 mpaka ndani, ufunge kwenye msalaba wa nyuma, kisha vingirisha kaki kwa umbo la pia juu ya ufito huo. Chini ya pia kata masikio sita ya sentimita 3, yakunje nje, yabandike juu ya fuvu na kuyafunika kwa matabaka mawili. Pembe nyingi zilizovunjika njiani zilikuwa zimeshikwa na gundi peke yake.

Sasa ujiuji wa karatasi kwa kope, nyusi na midomo. Loweka trei mbili za mayai usiku kucha, zitwange kwenye kinu cha zamani, kamua kwa kitambaa mpaka upate donge lisilodondosha. Kwa vikombe 4 vya donge hilo weka kikombe 1 cha uji, nusu kikombe cha gundi ya mbao na nusu kikombe cha wolputi ya unga (ile ya kusawazishia ukuta). Kanda kama chapati.

Macho ni gololi. Ipachike kwenye shimo lililojazwa ujiuji, halafu tengeneza kope la juu lifunike theluthi moja ya gololi. Bila kope, zimwi linaonekana limeshtuka badala ya kutisha. Ujiuji utakapokauka utasinyaa na ufa mwembamba utatokea kuizunguka gololi, kwa sababu kioo hakisinyai. Usihangaike, jaza mara ya pili siku ya pili.

Kichwa kimekauka? Kukigusa kwa shavu au kidole hudanganya, hasa asubuhi yenye baridi ambapo kila kitu ni baridi. Tumia mizani ya jikoni. Pima kichwa saa nne asubuhi, andika, kianike, pima tena kesho yake saa ileile. Tofauti ikizidi gramu 5, bado kinatoa maji. Siku mbili mfululizo uzito uleule, endelea. Na usiharakishe kwa kukisogeza kwenye jiko la mkaa: upande mmoja utakauka kabla ya mwingine na taya itapinda, na taya iliyopinda hairudi.

Magamba ya paini

Ukipita Mafinga na msitu wa Sao Hill, matunda makavu ya paini yamejaa chini. Omba ruhusa ya kuokota, gunia dogo linatosha vichwa kadhaa. Tunda hilo linafunguka likiwa kavu na kujifunga likipata unyevu, hata likiwa limekufa miaka. Maana yake kwako ni hii: ukibandika magamba yakiwa na unyevu, yatajiviringa nje yakikauka na kung'oa gundi.

Kwa hiyo yaanike siku tatu jua kali, au yaweke kwenye tanuri la mikate lililokwisha kuzimwa, mpaka yafunguke kabisa na utomvu utoke. Ng'oa gamba mojamoja kwa plaizi kuanzia kwenye kikonyo. Yagawe mafungu matatu: makubwa ya shingoni, ya kati ya mashavuni, madogo ya puani. Bandika kama mafundi wanavyoezeka vigae, kuanzia chini kwenda juu, kila mstari ukifunika theluthi ya ule wa chini na kila gamba likikaa katikati ya mawili. Tumia gundi ya mbao nzito. Gundi ya bunduki (ile ya kuyeyushwa kwa joto) hushika upesi lakini huachia kirahisi kwenye gamba lenye utomvu.

Kwa shungi tumia milulu, nyasi ileile ambayo akina mama wa Kihehe wanasukia vikapu. Funga vishada vya nyasi kumi na mbili hivi, chovya mizizi kwenye gundi, kisha uvipachike kwenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari. Manyoya yakihitajika yawe ya kuku. Manyoya, meno, ngozi au pembe za wanyamapori ni nyara, na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haiulizi kama uliviokota. Maua ya Kitulo nayo yaache yalipo, ni hifadhi ya taifa.

Rangi

Pasi moja ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani, iliyopunguzwa kwa robo ya maji, halafu msasa namba 180. Juu yake tumia akriliki au rangi ya udongo. Udongo mwekundu wa Iringa unatoa rangi ambayo dukani huipati: uloweke, koroga, subiri dakika moja mchanga utulie, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine, acha usiku, mwaga maji ya juu, kausha tope, saga, chekecha kwa kitambaa. Sehemu 2 za unga huo kwa sehemu 1 ya gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukikauka na kuacha vumbi kidoleni, gundi ni chache. Ukipasuka, ni nyingi. Masizi kwa rangi nyeusi yataelea juu ya maji mpaka uyalainishe kwanza kwa tone la sabuni ya maji.

Rangi nyeusi ipite kwanza kwenye mifereji kati ya magamba, ifutwe juu kwa kitambaa, kisha brashi kavu yenye rangi nyepesi iguse ncha tu. Kina chote cha ngozi kinatokea hapo, kwa dakika ishirini.

Vanishi ya maseremala inageuza rangi kuwa ya manjano kidogo, kwa hiyo ijaribu kwanza nyuma. Paka pasi mbili nyembamba, mchana, siku isiyo na mvua. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, kuna unyevu, ama ndani ya kazi ama hewani.

Nyuma andika jina lako, mwaka, mahali na namba ya kazi. Namba hiyohiyo iende kwenye daftari pamoja na picha.

Picha, bei, safari

Dirisha moja ubavuni, saa tatu hadi saa nne asubuhi, taa ya ndani imezimwa, shuka la rangi moja nyuma. Simama mita moja na nusu mbali na uvute picha mara mbili. Ukisogea karibu, pua ya zimwi inavimba na macho yanarudi nyuma. Futa lenzi. Picha nne zinatosha: mbele, ubavu, gamba kwa karibu, na moja yenye mkono wa mtu ili ukubwa uonekane. Watu hupenda sana picha za mifupa ya mwanzi kabla haijavishwa, ziweke kwenye Instagram au status ya WhatsApp wakati kazi ikiendelea. Maswali ya bei huanza hapo, kabla hata macho hayajawekwa.

Bei usiikisie. Mfano wa hesabu: vifaa shilingi 18,000, saa 20 za kazi kwa 2,500 kila saa ni 50,000, kufunga 4,000. Jumla 72,000. Saa za kukausha hazihesabiwi, za kukamua karatasi zinahesabiwa. Sasa, duka likichukua kwa mali kauli (linakulipa likishauza) na kukata asilimia 30, wengi huongeza asilimia 30 juu na kuuza 93,600. Duka likikata lake unabaki na 65,520, pungufu ya gharama. Gawa 72,000 kwa 0.7 upate 102,857, andika 103,000. Mali kauli iandikwe nakala mbili: namba ya kazi, bei, asilimia, siku ya kulipana, na nani analipa ikivunjika dukani. Kabla ya kupanga lebo zako pita Neema Crafts, karakana na duka la kazi za mikono mjini Iringa, au makumbusho ya Boma la Iringa uangalie kazi za mikono zinavyoonyeshwa na kuelezwa.

Hakimiliki unaipata pale unapoimaliza kazi. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi wa kukusaidia mtu akikuiga. Kazi ya usanii yenyewe inasimamiwa na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), ulizia usajili kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako.

Kusafirisha kwa basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, tumia boksi ndani ya boksi, nafasi ya sentimita 5 pande zote ikijazwa magazeti yaliyofinyangwa. Maganda ya mahindi ni mepesi na ya bure, lakini yawe makavu kabisa, la sivyo umefunga unyevu pamoja na zimwi. Ndani, kichwa kishikwe kwa kamba kupitia duara la mwanzi, pembe zisiguse ukuta wowote. Litikise: ukisikia kitu kinagonga, fungua ujaze. Liangushe kutoka kimo cha goti mara tatu. Neno "JUU HAPA" liandike, lakini funga ukijua kwamba litalazwa kichwa chini, chini ya gunia la viazi.

Mzigo wa nje ya nchi ukiwa na nyasi, magamba au mbegu, uliza kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuhusu cheti cha afya ya mimea. Mnunuzi naye mpelekee karatasi ndogo ndani ya boksi: lisitundikwe jikoni wala bafuni, vumbi liondolewe kwa brashi kavu, na wiki ya kwanza alipime kwa kuangalia chini yake kama kuna unga wa bungua.